Kipaji bila daftari: wakala wa soka na vijana wa Kasulu na Kibondo

Nestory Irankunda alizaliwa Kigoma Februari 2006, wazazi wake wakiwa wakimbizi kutoka Burundi. Akiwa bado mchanga familia ikahamia Australia, na huko ndiko alikokulia kisoka. Novemba 2023 Bayern Munich ilitangaza kumsajili kutoka Adelaide United. Wakati huo alikuwa na miaka 17, hivyo akasubiri hadi katikati ya 2024, akiwa ameshatimiza 18, ndipo akaenda Ujerumani.

Jina lake likitajwa vijiweni Kasulu na Kibondo, wilaya za mkoa huohuo wa Kigoma, watu huuliza: angebaki huku, nani angemwona? Nadhani swali hilo limeshapitwa na wakati. Tangu Mashujaa wa Kigoma wapande Ligi Kuu msimu wa 2023/24, Simba, Yanga na Azam wanakuja Kigoma kucheza Uwanja wa Lake Tanganyika, na wanaotafuta vipaji wanakuja nao. Bao likifungwa Makere, Kasulu, mchana, jioni Dar es Salaam wameshaliona kwenye simu. Kijana anayejua mpira ataonekana tu. La kuuliza ni hili: akishaonekana, nani atazungumza kwa niaba yake, na kwa karatasi gani?

Wazazi wengi wana jibu tayari: wakala ni mnyonyaji, akae mbali na mwanangu. Hofu hiyo haikuzuka jana. Enzi za Mwingereza, Buha, yaani nchi hii ya Waha, ilikuwa chimbuko la manamba, vibarua wa mashambani, na kuanzia 1944 SILABU, chombo cha wenye mashamba ya mkonge, kilishika kazi ya kukusanya vijana wa kwenda kukata mkonge mbali na kwao. Mgeni anayefika Kibondo leo na ahadi ya kazi ya mbali na karatasi ya kusaini anakanyaga njia ambayo wenyeji wanaijua. Lakini manamba hawakuumizwa na safari. Waliumizwa na mkataba wasioweza kuusoma, na kukosa mtu wa kuwasemea walipofika.

Bila msemaji anayejua kanuni, hata nyota anaweza kukwama. Desemba 2022 Feisal Salum alitangaza kuvunja mkataba wake na Yanga na kurudisha fedha. Kamati ya TFF ikasema bado ni mchezaji wa Yanga. Sakata likaburuzwa kwa miezi, mama yake akiingia kwenye vyombo vya habari kumtetea, hadi Rais Samia alipoligusia hadharani. Juni 2023 ndipo Azam wakamchukua. Kama kiungo wa Taifa Stars, tena akiwa Dar es Salaam penye mawakili kila mtaa, alifika huko, kijana wa Mabamba, Kibondo, ambaye baba yake hajawahi kuona mkataba wa soka atapona vipi?

Kwa hiyo wakala anahitajika. Tatizo ni wakala yupi. Kuanzia Aprili 2015 FIFA ilifuta mfumo wake wa leseni na kuyaachia mashirikisho ya nchi usimamizi, na milango ikawa wazi kwa kila mwenye simu na ujasiri. Kanuni mpya zilizoanza Januari 2023 zimerudisha leseni na mtihani. Mtihani una maswali 20 kwa saa moja, na kufaulu ni kupata 15. Wa kwanza ulifanyika Aprili 2023: watu wapatao 3,800 waliufanya na 1,962 wakapita. Digrii haihitajiki. Mkataba wa wakala na mchezaji hauzidi miaka miwili. Mtoto hasogelewi bila idhini ya maandishi ya mzazi au mlezi, na hata kwa idhini hiyo, hasogelewi kabla ya miezi sita ya mwisho kuelekea umri ambao sheria ya nchi atakakoajiriwa inamruhusu kusaini mkataba wa kulipwa.

Ukizisoma hizo, utaona kwamba anayemfuata mtoto wa darasa la saba baada ya mechi ya UMITASHUMTA na kumwahidi baba yake Ulaya ameshavunja kanuni kabla hajakaa kwenye kiti. Mzazi akiletewa ukurasa mmoja wenye nafasi wazi penye tarehe ya kuzaliwa, wenye asilimia 30 ya mapato yote, usiosema unaisha lini, na chini yake pameachwa pa kuweka dole gumba, hahitaji wakili. Ajibu hapana, amkaribishe chai, amsindikize.

Kwa nini basi madalali wa namna hiyo hawaishi? Tupige hesabu. Leseni ya FIFA ni dola 600 kila mwaka. Tukihesabu dola moja kwa shilingi 2,500, hiyo ni milioni moja na nusu. Kanuni za 2023 ziliweka ukomo wa malipo ya wakala kuwa asilimia 5 kwa mchezaji anayepata chini ya dola 200,000 kwa mwaka. Sehemu kubwa ya masharti hayo ya malipo ilisimamishwa Desemba 2023 kutokana na kesi za Ulaya, lakini kama kipimo yanatufaa. Mchezaji wa shilingi milioni moja kwa mwezi anapata milioni 12 kwa mwaka. Asilimia 5 yake ni laki sita. Wakala mwaminifu anahitaji wachezaji watatu wa aina hiyo ili arudishe ada ya leseni tu, kabla ya nauli, vocha na kulala nyumba za wageni. Ndiyo maana wenye leseni hawatoki mjini, na uwanja wa wilaya anaachiwa asiye na leseni, ambaye hana cha kupoteza.

Kuwakemea mawakala hakutabadilisha hesabu hiyo. Kinachoweza kuibadilisha ni kumbukumbu, na hapa lawama inarudi nyumbani.

Nenda mazoezi ya jioni kwenye kiwanja chochote cha shule Kasulu. Magoli ni miti ya mikaratusi, vumbi jekundu limepanda hadi magotini, na mwalimu wa michezo ana daftari la mistari lililokunjwa mfukoni. Ndani yake kuna majina na namba za jezi: Juma 7, Elia 10, Baraka kipa. Hakuna tarehe za kuzaliwa, hakuna msimu ulioandikwa, hakuna klabu iliyosajiliwa nyuma yake. Mwaka wa tatu daftari limejaa, limetupwa. Wafanyabiashara wetu hubandika ukutani kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, ila sisi watu wa mpira hatujaona kwamba maneno hayo yanatuhusu.

Hasara yake inahesabika. Kanuni za FIFA zinataka asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa igawiwe klabu zilizomlea mchezaji tangu akiwa na miaka 12 hadi 23. Miaka ya 12 hadi 15 kila mmoja hulipa robo ya asilimia. Kuanzia 16 kila mwaka hulipa nusu asilimia. Klabu ya Kibondo iliyomsajili kijana kuanzia 12 hadi 17 inastahili asilimia 2. Akiuzwa baadaye kwa dola 500,000, hizo ni dola 10,000, yaani shilingi milioni 25 kwa hesabu yetu ileile. Tangu Novemba 2022 fedha hizo zinapitia chombo maalumu cha FIFA kilichopo Paris, kinachosoma historia ya usajili wa mchezaji na kugawa. Hakimjui mwalimu wala daftari lake. Kinajua usajili.

Usajili huohuo ndio unaomkata dalali makali. Kijana ambaye umri wake umeandikwa akiwa na miaka 12 hawezi kupunguziwa miaka akiwa na 19. Kosa la umri liliwaondoa Serengeti Boys, timu yetu ya taifa, kwenye fainali za Afrika za vijana mwaka 2005, na taifa zima likalipa. Wakala mwenye leseni naye akikuta umri umethibitishwa na historia ya klabu ipo, anaokoa muda na gharama. Safari ya Kasulu inaanza kulipa.

Kuna wanaosema huu ni urasimu wa kumchosha mwalimu asiyelipwa hata nauli. Wana hoja. Usajili una ada, fomu na intaneti inayokatika. Lakini hizo ni gharama za chama cha soka cha wilaya na halmashauri, ambavyo bado hupata fedha za kununua makombe na jezi za bonanza.

Mpakani na Burundi mambo yana uzito wa ziada. FIFA inamruhusu aliye chini ya miaka 18 kuchezea klabu ya nchi jirani ikiwa anaendelea kuishi kwao, na kwao na klabu vyote viko ndani ya kilomita 50 kutoka mpakani, mashirikisho yote mawili yakikubali. Kijana wa Mabamba na klabu ya upande wa Ruyigi wanaweza kuangukia humo. Kijana wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ana kikwazo kingine: kanuni za soka zina mlango kwa mtoto aliyekimbia nchi yake, ila kutoka kambini hata kwenda majaribio Kigoma mjini kunataka kibali. Dalali hukitaja kibali hicho kama bidhaa. Wakala wa kweli angekiomba mapema, kwa barua.

Na wakala huyo kwa nini asitoke huku huku? Amissi Tambwe wa Burundi alikuwa mfungaji bora wa Ligi Kuu msimu wa 2013/14 akiwa Simba na 2015/16 akiwa Yanga, na Warundi wengi wamempokea kijiti. Kiha na Kirundi vinasikilizana. Mtihani wa FIFA unafanyika kwa Kiingereza, Kifaransa au Kihispania, na Kifaransa si kigeni upande wa Burundi. Mwalimu kijana wa Kasulu anayejua familia za pande zote mbili ana mtaji ambao ofisi ya Posta, Dar es Salaam, haina.

Ila huyo naye atahitaji wilaya yenye kumbukumbu. Hivyo ningeanza na jambo dogo lisilosubiri FIFA: kabla ya ligi ya wilaya ijayo, klabu isikubaliwe kuingia bila kuwasajili wachezaji wake kuanzia miaka 12, na nakala ya cheti cha kuzaliwa ibaki ofisini. Wakala mzuri atafurahi kukuta kazi hiyo imeshafanyika. Mbaya atahama wilaya.