TUJADILIANE: Vita na Bei ya Sabuni



Vita vikiisha, watu huhesabu waliokufa na nyumba zilizobomoka. Lakini iko hasara nyingine isiyo na mlio wa bunduki. Hiyo huingia shambani, dukani na mfukoni. Mwezi huu tuitazame kwa mfano wa Vita vya Kagera.

Mwishoni mwa Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliivamia nchi yetu. Yaliteka eneo la kaskazini ya Mto Kagera. Daraja la Kyaka lilivunjwa. Wananchi walikimbia, wakaacha migomba, kahawa na maharage. Ng'ombe waliibiwa kwa maelfu. Kiwanda cha sukari cha Kagera kiliharibiwa.

Mkulima anayekimbia anaacha nini? Anaacha ndizi, chakula cha leo. Anaacha kahawa, fedha ya kesho. Anaacha ng'ombe, akiba yake na mbolea ya migomba yake. Migomba isiyotiwa mbolea huzaa ndizi hafifu. Kwa hiyo hata waliorudi nyumbani salama walianza upya.

Je, waliokuwa mbali, Mtwara au Iringa, vita havikuwafikia? Viliwafikia kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni magari. Malori na mabasi mengi yalichukuliwa kubeba askari, chakula na silaha. Mazao yakakosa usafiri. Bidhaa za dukani zikachelewa.

Njia ya pili ni watu. Maelfu ya vijana wa mgambo waliitwa vitani. Jembe likabaki kwa akina mama na wazee.

Njia ya tatu ni fedha za kigeni. Wakati ule nchi ilizipata kwa kuuza mazao kama kahawa, pamba na katani. Kisha ilinunua mafuta, vipuri na malighafi za viwanda. Wakati wa vita fedha nyingi zilikwenda kwenye silaha na mafuta ya jeshi. Kiwanda kikikosa malighafi, sabuni hupungua. Sabuni ikipungua, walanguzi huificha na kuiuza kwa bei ya juu.

Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979. Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Miezi hiyo ilipita, shida ikabaki. Tuseme kweli: vita havikuwa sababu pekee. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977. Bei ya mafuta duniani ilipanda sana mwaka 1979. Lakini mwenye mzigo mzito akiongezewa mwingine, magoti hulegea.

Kima cha chini cha mshahara kiliongezwa mwaka 1980, na tena mwaka 1981. Hata hivyo bei zilikimbia mbele. Mfanyakazi alipokea noti nyingi kuliko zamani, lakini kapu lake lilirudi jepesi. Mkulima naye aliuza mazao, akakosa cha kununua. Basi tukumbuke: mshahara haupimwi kwa wingi wa noti. Hupimwa kwa kilo za unga na vipande vya sabuni.

Kijiji peke yake hakiwezi kuzuia vita. Lakini kinaweza kujiandaa kwa siku mbaya. Usiuze chakula chote wakati wa mavuno. Weka mbegu. Panda muhogo, kwani hukaa ardhini ukikusubiri.

Na jambo moja zaidi. Sasa unajua kuandika. Chukua daftari. Kila mwezi andika bei ya unga, chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Andika pia bei uliyouzia mazao yako. Bei ikipanda utajua imepanda kiasi gani, na utauliza kwa nini. Mwenye daftari si rahisi kudanganywa na mlanguzi.

Maswali ya kujadiliana:
1. Wazee wa kijiji chenu wanakumbuka bidhaa gani zilizoadimika baada ya mwaka 1979? Walitumia nini badala yake?
2. Barabara ikifungwa leo, chakula cha nyumba yako kitatosha miezi mingapi?