Mgumu Naye ni Mwajiriwa

Julai ile, kabla sijaanza shahada ya uzamili, nilipanda Kilimanjaro na hema la mgeni kichwani. Getini Machame tulipanga foleni kwenye mizani: mwisho kilo 20 kwa kila mpagazi. Kuanzia hapo sikuamua kitu. Saa ya kuamka nilipangiwa, kempu nilipangiwa, hata nani abebe mtungi wa gesi. Siku ya sita tukashukia Mweka, goti langu limevimba. Nikamuuliza kiongozi wetu nani atanilipia matibabu. Akanijibu kwa upole, "Mdogo wangu, wewe si mwajiriwa. Wewe ni mgumu."

Wagumu ndilo jina letu mlimani. Ni sifa, ila sifa hailipi hospitali.

Ujanja huu haupo Moshi peke yake. Machi 2024, wachezaji wa mpira wa kikapu wa chuo cha Dartmouth, Marekani, walipiga kura 13 kwa 2 wawe na chama cha wafanyakazi. Chuo kikapinga: hawa ni wanafunzi. Kabla mwaka haujaisha, ombi lao likaondolewa. Kule unaitwa mwanafunzi, huku unaitwa mgumu, mradi usiitwe mfanyakazi.

Lakini sheria yetu iko wazi. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 kinasema anayemfanyia mwingine kazi huchukuliwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa sharti moja tu limetimia: mathalani namna anavyofanya kazi, au saa zake, zinaongozwa na huyo mwingine. Mimi nilitimiza yote mawili kabla ya chai ya asubuhi.

Watasema safari ni ya siku sita tu. Sawa, ila Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inatambua hata mkataba wa kazi maalumu. Watasema gharama zitapanda. Zipande. Mgeni aliyelipa dola elfu na zaidi ili afike mita 5,895 hawezi kushindwa kuchangia goti la aliyembebea hema. Sasa hivi gharama hiyo inalipwa na mama yangu, kwa ndizi za kihamba.

Kwa hiyo, mwenzangu utakayebeba likizo ijayo, andika kila safari: tarehe, njia, kilo, nani alikupangia kazi. Siku ukiumia, usiende kuomba msaada. Nenda kudai, na mwenye kampuni ndiye athibitishe kwamba wewe si mwajiriwa wake.