Huzuni Isiyojulikana Asili Yake

Katika majumba ya Mikindani, kama katika miji mingine ya pwani, mtu akibanwa na kifua na usingizi ukampotea, haraka husemwa kuwa ana pepo au amepatwa na jicho. Sisi hatukanushi majini wala jicho. Lakini twauliza: mgonjwa mwenyewe amesikilizwa?

Tuweke mfano wa mama aliyefiwa na mwanawe baharini. Siku ya msiba aliambiwa asilie, asubiri, akanyamaza. Miaka ikapita, leo mkono wake haunyanyuki, na daktari amepima asione kitu. Nani aliyemwambia kuwa chozi huvunja subira? Mtume (s.a.w.) alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim.

Iko elimu iitwayo saikoanalisi, yaani uchunguzi wa nafsi. Husema kwamba jambo lililozikwa moyoni halifi, bali huzuka kwa sura nyingine, hata mwenyewe asilitambue. Mwaka 1895 matabibu wawili wa Vienna, Josef Breuer na Sigmund Freud, walisimulia habari za msichana aliyemwuguza babake, kisha akashindwa kunywa maji. Alipokumbuka na kueleza jinsi alivyochukizwa kumwona mbwa akinywa katika gilasi, akaomba maji, akanywa. Wachunguzi wa baadaye wameonyesha kuwa hakupona upesi kama ilivyodaiwa. Basi elimu hii isifanywe hirizi.

Na wasemao kuwa hayo ni ya Wazungu tu, wamkumbuke Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934. Aliandika juu ya maslahi ya miili na nafsi pamoja, akagawa huzuni mafungu mawili: yenye sababu ijulikanayo, na isiyojulikana. Hii ya pili yeye aliirudisha katika mwili na damu. Freud angaliitafuta katika yaliyosahauliwa. Huko Misri, Mustafa Safouan alikifasiri kwa Kiarabu kitabu cha Freud juu ya ndoto, mwaka 1958. Freud aliiona dini kuwa ni njozi, na hapo hatumfuati hata hatua moja.

Mgonjwa na apelekwe hospitali kwanza. Kisha, enyi jamaa zake, mmoja wenu mwenye kuweka siri akae naye faraghani, amwulize habari za mwanawe: jina lake, chakula alichokipenda, siku aliyoondoka. Akilia, asikatizwe.