Upelelezi haujakamilika

Kwa maneno hayo mawili mahakama zetu huwarudisha watu gerezani. Shauri huahirishwa, wiki mbili hupita, karandinga huwaleta tena, na maneno ni yale yale. Miaka hukatika hivyo.

Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inakataza mshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa kabla ya kuthibitika. Lakini mahabusu hubanana katika kuta zile zile na waliohukumiwa. Tofauti yao ni moja: mwizi aliyehukumiwa anaijua tarehe yake ya kutoka, anayedhaniwa mwizi haijui.

Nani analipa gharama? Julai 2018 Rais Magufuli aliagiza magereza yajilishe kwa jasho la wafungwa. Mahabusu, hata hivyo, halazimishwi kufanya kazi ya uzalishaji kama mfungwa, na ndivyo inavyostahili, kwa kuwa hana hukumu. Basi tunamlisha kwa kodi, huku shamba lake likiota magugu na mkewe akiuza mbuzi ili apate nauli ya kwenda mahakamani. Taifa linalipa mara mbili kwa mtu ambaye huenda mwishowe akaambiwa hana hatia.

Desemba 9, 2019, wafungwa 5,533 walipata msamaha wa Rais. Tukashangilia. Ila msamaha haumfikii mahabusu, maana asiyehukumiwa hana kosa la kusamehewa!

Wapo watakaosema usalama kwanza. Naam, mwenye kuua kwa silaha na azuiwe. Lakini je, kijana wa simu ya wizi, anayebaki ndani kwa kukosa wadhamini wawili wanaokubalika, anamtishia nani? Huyo tunampeleka bure kwenye chuo cha wahalifu wazoefu, kisha tunashangaa anapohitimu.

Sheria ya Bodi za Parole ni ya 1994. Ya Huduma kwa Jamii ni ya 2002. Zitumike kwa ukamilifu. Dhamana iwe na masharti anayoyaweza fukara. Na upelelezi uwekewe ukomo usio na mianya: muda ukiisha bila ushahidi, mtu arudi kwake, wala asikamatwe tena mlangoni pa mahakama kwa shtaka lile lile.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ufa tunauona, na kila bajeti tunaomba fedha za ukuta.