Macho ya Wazee Wetu wa Reli Yapimwe



Wengi wetu tulio kazini leo tuna umri wa miaka thelathini na kitu. Tukitajiwa habari za kustaafu twacheka na kusema hayo ni mambo ya wazee. Basi leo twataka kusema juu ya mambo ya wazee, kwa sababu ni mambo yetu wenyewe, ila tu bado hayajafika stesheni yetu.

Kila mmoja wetu ajua namna mtu anavyoingizwa katika kazi ya kuendesha treni. Kabla hajapewa injini hupelekwa kwa daktari. Husimamishwa mbali na ubao wa herufi, akaambiwa asome mpaka mstari mdogo wa chini. Hufunuliwa kitabu cha madoadoa ya rangi, akaulizwa aona tarakimu gani. Wala si mara moja tu. Baada ya muda hurudishwa kupimwa tena, na ikionekana macho yamepungua huondolewa kwenye injini. Sisi hatulalamiki juu ya jambo hilo. Ni haki. Treni moja huchukua mamia ya watu, na mtu asiyeweza kutofautisha taa nyekundu na taa ya kijani atawaua.

Desturi hiyo ina asili yake. Katika mwaka 1875 treni mbili ziligongana huko Lagerlunda, nchi ya Sweden, watu tisa wakafa. Mwalimu mmoja wa chuo kikuu, jina lake Frithiof Holmgren, akafikiri ya kwamba huenda mfanya kazi mmoja hakutambua rangi ya taa. Akatunga kipimo cha nyuzi za sufu za rangi mbalimbali, na wenye reli wa nchi nyingi wakaanza kupima macho ya watu wao. Kile kitabu cha madoadoa kilikuja baadaye, mwaka 1917, nacho kilitungwa na Daktari Shinobu Ishihara wa Japani.

Tazameni basi, ndugu. Wenye reli walijifunza zamani sana ya kwamba jicho laweza kuwa na kasoro bila mwenyewe kujua. Kwa hiyo hawakungoja dreva aje ofisini kusema, "Bwana, mimi sioni." Walikwenda kumtafuta na kumpima kabla hajasema neno. Hiyo ndiyo maana ya kupima mapema.

Sasa twauliza swali letu. Siku dreva huyo atimizapo miaka 60, akarudisha taa yake na bendera yake, elimu ile yote huenda wapi? Gadi aliyetazama nyuma ya treni usiku kucha, fundi aliyechomelea vyuma, karani aliyeandika hesabu za mizigo chini ya taa hafifu, hao wote hupewa mkono wa kwaheri na barua. Kutoka siku hiyo hakuna mtu awaitaye kwa ubao wa herufi. Jicho ni lile lile, tena sasa limezeeka na lina haja kubwa zaidi. Ila mali ya watu haiko tena mbele yake. Je, jicho la mtu lina thamani wakati linapotazama signali tu, na likitazama uso wa mjukuu halina thamani?

Wako wasemao, "Mzee akiona taabu, aende hospitali." Maneno hayo ni ya mtu asiyejua magonjwa ya uzee. Yako magonjwa ambayo hayapigi hodi. Presha ya macho, ambayo madaktari huiita glakoma, kwa watu wengi haina maumivu yo yote. Huanza kula pembeni mwa macho kidogo kidogo, na katikati huendelea kuona. Mzee hujikwaa kwenye kiti, hugonga mlango kwa bega, akasema ni uzee. Anapotambua, mshipa unaopeleka nuru katika ubongo umekwisha kuharibika, na kilichopotea hakirudi. Dawa ya matone au upasuaji waweza kulinda kilichobaki tu. Tena ugonjwa huu huwashika watu weusi mapema na kwa ukali kuliko watu wengi wengine. Mtu wa namna hiyo utamwambiaje angoje mpaka aone taabu? Akiona taabu amechelewa.

Ugonjwa wa sukari nao hufanya vivyo hivyo. Huharibu mishipa midogo ya damu nyuma ya jicho huku mtu angali anasoma gazeti vizuri. Kwa sababu hiyo madaktari hutaka mwenye sukari apimwe macho kila mwaka, hata kama haoni shida. Na presha ya damu twaijua sote. Mtu huonekana mzima leo, kesho ameanguka, upande mmoja umekufa. Kifaa cha kuipima hufungwa mkononi na kazi yake ni dakika chache.

Yako na mengine ambayo dawa yake ni nyepesi, na hapo ndipo aibu inapozidi. Mtoto wa jicho ndio ugonjwa unaopofusha watu wengi kuliko wo wote duniani, lakini hutolewa kwa upasuaji ambao mara nyingi hauchukui hata nusu saa, na mahali pake huwekwa kioo kidogo. Daktari Harold Ridley alianza kazi hiyo ya kuweka kioo ndani ya jicho huko London mwaka 1949. Ni miaka mingi sasa! Na kile kuona herufi kwa shida, ambako humpata karibu kila mtu baada ya miaka 40, dawa yake ni miwani ya kusomea. Katika mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilisema ya kwamba watu wasiopungua milioni 2,200 wana upungufu wa kuona, na katika hao wasiopungua milioni 1,000 wangaliweza kukingwa, au bado hawajapata msaada uliowapasa. Wazee wetu wangapi wamo katika hesabu hiyo kwa kukosa miwani tu?

Sisi tuliosoma shule za misheni twakumbuka habari za Mzee Isaka. Macho yake yalipofifia alidanganywa ndani ya nyumba yake mwenyewe, na mwanawe mwenyewe, kwa ngozi ya mbuzi na sahani ya nyama. Mzee wa leo haletewi ngozi ya mbuzi. Huletewa karatasi aweke kidole. Pensheni yake huingia benki au katika simu, na herufi za simu ni ndogo kama chawa. Basi humpa kijana amsomee, na namba ya siri humtajia huyo huyo kijana. Twajua mambo yanayofuata. Mtu aliyefanya kazi miaka 30 hutolewa jasho lake kwa dakika moja, na wala hawezi kuapa ni nani aliyemtolea. Ndugu, pensheni isiyoweza kusomwa na mwenyewe ni nusu pensheni.

Wengine watatuambia, "Siku hizi kuna bima ya serikali." Ni kweli. Tangu Oktoba 2024 mambo yamebadilika, na mahali pa mfuko ule wa zamani wa hospitali sasa pana Mamlaka ya Afya ya Jamii. Sisi wenye mshahara twakatwa asilimia 2.75, na asiye na mshahara hukadiriwa mapato ya nyumba yake. Hatusemi bima ni mbaya. Lakini bima humlipia mtu aliyekwisha kufika mbele ya daktari. Haimfuati mzee kijijini kumwambia, "Njoo, mwaka umetimia, tukuangalie." Treni haikutegemea dreva ajipeleke mwenyewe. Kulikuwa na tarehe, na kulikuwa na karani aliyeiandika. Mzee naye awe na tarehe yake.

Wengine watasema hakuna fedha. Basi na tutazame wenzetu wa reli wanafanya nini. Huko Afrika ya Kusini, tangu mwaka 1994, treni iitwayo Phelophepa huzunguka ikiwa na madaktari, na ndani yake liko behewa la macho, watu hupimwa na kupewa miwani. Mwaka 2012 wakaongeza treni ya pili. Huko Uhindi treni ya hospitali iitwayo Lifeline Express ilianza mwaka 1991, na upasuaji wa mtoto wa jicho hufanywa ndani ya behewa lililosimama stesheni. Hao nao wana reli kama sisi. Sisi hatuombi treni nzima. Twaomba kuanza na behewa moja, au hata chumba kimoja cha stesheni.

Wala si lazima vifaa viwe vikubwa. Hapa kwetu Nakuru, mji uliokuzwa na reli, katika miaka 2007 na 2008 watafiti walipima macho ya watu 4,414 wenye miaka 50 na zaidi. Baadaye wakarudi kuwatazama tena, na katika kazi hiyo wakajaribu kipimo cha macho kinachotumia simu ya mkononi. Habari zake zilichapishwa mwaka 2015: kipimo kile kilikaribiana na ubao wa kawaida. Jambo lililofanyika Nakuru kwa ajili ya uchunguzi halishindikani kufanyika kwa ajili ya watu waliojenga na kuendesha njia hii.

Tena msisahau ya kwamba reli hii imebadilisha wenyewe mara nyingi. Kutoka mwaka 1948 ilikuwa ya Afrika Mashariki yote. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika. Mwaka 1978 likaja shirika la Kenya. Mwaka 2006 ikakodishwa kwa kampuni, na mwaka 2017 ukodishaji ule ukaisha. Mzee mmoja aweza kuwa amefanya kazi chini ya majina matatu bila kuhama nyumba. Akidai haki yake, mwenye kazi wa leo aweza kusema, "Wewe ulikuwa wa yule wa jana." Kwa hiyo fadhila haitoshi. Fadhila huondoka na mtu. Tunataka maneno yaliyoandikwa na kutiwa sahihi.

Hata maandishi nayo hulindwa. Huko Uingereza, walikotoka waliotuletea sheria za reli, watu wengi walinyang'anywa kupimwa macho bure mwaka 1989. Wenye miaka 60 na zaidi walirudishiwa mwaka 1999, baada ya miaka kumi. Asiyelinda kibanda chake hulala nje.

Basi haya ndiyo tunayotaka chama chetu kiyapeleke mezani katika mapatano yajayo:

Kwanza, kila mfanya kazi anayestaafu apimwe siku za mwisho wa kazi: macho, masikio, presha na sukari. Kanuni za mwaka 2005 za kupima afya za wafanya kazi zimekwisha kuigusa habari hii. Cheti cha majibu apewe mkononi mwake, kisibaki katika kabati la ofisi. Kama macho au masikio yaliharibiwa na kazi, cheti hicho ndicho shahidi wake.

Pili, kila mstaafu, pamoja na mkewe au mumewe, na wajane pia, aitwe mara moja kwa mwaka kupimwa, katika stesheni iliyo karibu naye.

Tatu, miwani ilipwe. Miwani ya kusomea isihesabiwe kuwa ni anasa.

Nne, mwenye mtoto wa jicho au presha ya macho apelekwe hospitali ya macho na kurudishwa, na nauli ya mtu wa kumshika mkono ilipwe. Upasuaji wa bure usio na nauli ni ahadi ya hewani.

Tano, fedha za kazi hii zitoke kwa mwenye kazi, nasi tulio kazini tutoe sehemu ndogo. Hatutaki kuambiwa tunaomba sadaka.

Na ninyi vijana msemao nguvu ya chama isipotezwe kwa watu waliokwisha ondoka, twawajibu hivi. Waliogoma Mombasa Januari 1947, wa reli na wa bandari pamoja, walidai mshahara na nyumba ambazo wengi wao hawakukaa kuzifaidi. Tuliozifaidi ni sisi. Deni hulipwa mbele na nyuma. Katiba ya mwaka 2010 yenyewe, katika kifungu cha 57, yataka wazee waishi kwa heshima na kupata matunzo ya kadiri kutoka kwa jamaa zao na kwa serikali. Je, chama chao peke yake ndicho kitakachokaa kimya?

Wakati tunapongoja mapatano, kila tawi liandike majina ya wazee wa reli walio karibu. Kila mwanachama amchukue mmoja na kumpeleka kupimwa macho na presha mwezi huu. Majibu yaletwe katika mkutano wa tawi, bila kutaja majina, ili tuende mezani tukiwa na hesabu yetu wenyewe. Mwenye kazi huogopa hesabu kuliko kelele.

Umoja ni nguvu.

Ni sisi wafanya kazi wenzenu wa reli.