Chakula cha Njiani Ugenini: Tule au Tuache?

Mwulize mtu wa Mombasa au wa Malindi anajua nini juu ya Embu, naye aghalabu atakutajia jani moja tu, muguka. Wala si ajabu. Mwezi wa Mei mwaka 2024 serikali ya kaunti ya Mombasa ilipiga marufuku muguka, Kilifi nayo ikafuata, kisha Mahakama Kuu iliyoko Embu ikazisimamisha amri hizo, na magazeti yakajaa maneno ya pande mbili. Hivyo tumekuwa tukiwajua watu wa Embu kwa kile kinachofika mashavuni mwa vijana wetu, na wao wenyewe wanakula nini hatujapata kuuliza.

Mimi nimekwenda nikaona. Mpwa wangu, kijana aliyezaliwa na kulelewa Mji wa Kale, alipelekwa kusomesha karibu na Kianjokoma, mji mdogo wa soko ulio juu ya mji wa Embu, katika miteremko ya Mlima Kenya. Huko muguka si zao lao. Huo hustawi chini, upande wa Mbeere kwenye joto. Kianjokoma ni nchi ya majani chai na kahawa, ya ng'ombe wa maziwa, ya mvua na baridi inayomfanya mtu wa pwani alale na soksi. Nilikaa kwa kijana huyo siku kumi na mbili, na haya niyaandikayo ni matunda ya siku hizo.

Nilipofika nilimkuta amekonda. Chumbani mwake mna mkebe wa tende, halua iliyokauka, makopo matatu ya samaki, na jiko dogo la mafuta ya taa. Asubuhi mkate na chai ya rangi, jioni wali mkavu. Na nje, si hatua hamsini kutoka mlangoni pake, barabara nzima inanukia chakula! Nikamwuliza, "Mwanangu, mbona unajifungia njaa?" Akaniambia, "Mjomba, huku sijui nini halali na nini haramu. Nimeona heri niache vyote."

Ndugu msomaji, jawabu hilo linaonekana la ucha Mungu, na kwa nia yake huenda likawa hivyo. Lakini mimi nasema lina kasoro, na kasoro yenyewe ndiyo sababu ya makala haya. Maana vijana wetu wengi leo wanaishi bara kwa kazi na masomo, na kila mmoja hukutana na mtihani huu siku ya kwanza anaposhuka kwenye matatu.

Tuanze na uzuri wa chakula cha njiani cha huko. Kwanza, kilicho kingi ni mimea mitupu. Pana githeri, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja hata yakalainika. Pana mukimo, ambao ni viazi vilivyopondwa pamoja na mahindi na majani ya kijani. Pana nduma, ambazo sisi huziita majimbi, zikiuzwa za moto pamoja na viazi vitamu. Pana mahindi ya kuchoma, ndizi, miwa, maparachichi makubwa kama kichwa cha mtoto, na uji. Katika hivi vyote, haramu iko wapi? Mahindi na maharagwe yakiwa katika chungu kimoja humpa mtu lishe ya kutosha, kwani kipungukacho katika moja kimo katika la pili. Kwa kijana anayesimama mbele ya watoto mchana kutwa, githeri ni bora mara kumi kuliko mkate na chai ya rangi.

Pili, chakula hicho hutoka motoni. Katika miinuko ile maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, kwa hivyo maharagwe hukawia sana kuiva, na chungu cha githeri hukaa jikoni saa nyingi. Chakula kilichochemka muda huo wote, ukipakuliwa kingali kinatoa mvuke, hakina hatari kubwa kama wengi wanavyodhani.

Tatu, ni ujirani. Mama anayeuza pale anasomesha watoto kwa bakuli zile. Ukinunua kwake kila siku atakujua, na siku ukiugua atauliza uko wapi. Ama ukipita kila siku umefumba pua, nayo pia ataiona.

Sasa na ubaya tuuseme, maana haki haina upande mmoja. Jambo la kwanza ni mutura. Huu ni utumbo uliojazwa nyama na damu, ukachomwa juu ya makaa, na jioni watu huuzunguka kama sisi tunavyozunguka mishikaki. Kwa Mwislamu hapana mjadala. Damu imekatazwa waziwazi katika Kurani, na hata mnyama awe amechinjwa na sheikh, damu iliyomwagika haiwi halali kwa kutiwa utumboni. Ubaya wake hauishii hapo, kwani ubao na kisu ni kimoja kwa vyote. Jioni ya kwanza mimi mwenyewe niliagiza nyama ya mbuzi ya kuchoma, na kwa haya sikuuliza neno. Mchuzi wa mutura ungali ubaoni, mchomaji akaweka mbuzi wangu papo hapo na kukata. Nililipa, nikaiacha. Kosa lilikuwa langu, si lake, maana sikumwambia mimi ni nani.

La pili ni nyama yenyewe. Katika machinjio mengi ya Kenya huwekwa Mwislamu achinje ili nyama iuzike kwa watu wote, lakini mbuzi wa kijijini aliyechinjwa nyuma ya nyumba hana hati hiyo. Zipo pia soseji za smoki, zipasuliwazo na kutiwa kachumbari. Nyingine za ng'ombe, nyingine za nguruwe, na zikiisha kutolewa katika karatasi yake hapana jicho linaloweza kuzipambanua. Juu ya chakula cha Watu wa Kitabu, aya ya tano ya Suratul Maida inajulikana, na wanavyuoni wameieleza kwa urefu. Mimi si mufti. Kila mtu na aende kwa sheikh wake.

La tatu ni afya. Kachumbari iliyokatwa asubuhi na kuoshwa kwa maji ya ndoo ni hatari kuliko chungu kizima cha githeri. Vile vile mahindi yaliyohifadhiwa vibaya huota kuvu yenye sumu iitwayo aflatoksini, ambayo moto wa jikoni hauiondoi. Mwaka 2004 sumu hiyo iliwaua watu 125 mashariki ya Kenya, hasa Makueni na Kitui. Kwa hivyo mnunuzi na atazame punje, na zenye harufu ya uvundo aziache.

Lakini tusidanganyike kwamba maradhi ni ya vibandani peke yake. Mwaka 2017 kipindupindu kiliwaangusha watu waliokula katika mkutano wa hoteli ya kifahari jijini Nairobi, wala hakikuangalia kitambaa cheupe cha meza. Uchafu hufuata maji machafu na mikono isiyooshwa, popote vilipo. Singapore walililenga jambo hilo hilo. Katika miaka ya 1970 na 1980 wauzaji wa barabarani walihamishiwa katika vituo vyenye maji ya bomba na mitaro, hawakufukuzwa tu. Na Desemba 2020 UNESCO ikautia utamaduni wao wa chakula katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Wauzaji wa Kianjokoma, na wa Mombasa pia, wanahitaji bomba kuliko wanavyohitaji askari wa kaunti.

Na mtihani wa Mwislamu ugenini si wa Embu tu. Aishiye Bangkok hukutana nao kila kona, kwa kuwa huko chakula cha njiani ni uhai wa mji, na karai moja yaweza kupikiwa nguruwe kisha kuku. Waislamu wa huko hawakufa njaa. Wameweka alama ya halali inayosimamiwa na baraza lao, na pasipo alama, mtu huuliza.

Hapo ndipo penye kiini cha neno langu: kuuliza. Kila Ijumaa tunaisoma Suratul Kahf, lakini wangapi tumezingatia kwamba wale vijana wa pangoni, walipoamka, jambo la kwanza walilolifanya ni kumtuma mwenzao sokoni? Walikuwa na njaa, na mji ulikuwa wa watu wasio wa imani yao. Walimpa fedha wakamwagiza mambo mawili: atazame chakula kipi kilicho safi kabisa, na awe mpole katika mwenendo wake. Ni kweli walikuwa wakijificha, na upole ule ulikuwa na hadhari ndani yake. Hata hivyo agizo ni agizo. Neno hilo la upole, walyatalattaf, katika misahafu mingi limeandikwa kwa wino mwekundu au kwa herufi nene, kwa kuhesabiwa kuwa ndilo la katikati ya Kurani. Chuoni maalim wetu alitugongea ubao tulikariri mara tatu. Sikujua wakati ule kwamba siku moja litanifaa mbele ya chungu cha githeri.

Basi asubuhi ya pili nikamshika mpwa wangu mkono, tukaenda kwa mama wa kibanda kilicho karibu na nyumba yake. Nikamwamkia, nikamwambia, "Mama, sisi ni Waislamu kutoka Mombasa. Tungependa kula kwako, lakini kuna vitu dini yetu haituruhusu. Humu mna nini?"

Yule mama akacheka, akafunua chungu. "Mzee, hapa hakuna nyama. Ni mahindi, maharagwe, viazi na chumvi. Mafuta ni haya ya kuandikwa kwa mkebe, soma mwenyewe." Kisha akamtazama kijana. "Kumbe huyu mwalimu ni wako? Sisi tulikuwa tunafikiria anatuona wachafu."

Mpwa wangu aliinamisha kichwa. Miezi mitatu amepita pale kila asubuhi, akidhani anailinda dini yake, kumbe majirani wanasoma jambo jingine kabisa katika kimya chake. Wao hawakujua halali wala haramu. Walichokijua ni kwamba mgeni amekataa chakula chao bila kusema kwa nini, na kwa watu wote wa dunia hiyo ni dharau.

Jioni yake nilikwenda hata kwa yule mchoma mutura, nikamwuliza kwa upole vile vile. Akanijibu bila kusita, "Mzee, hii si ya dini yako, iko na damu. Enda pale kwa mama wa nduma." Kijana asiyejua hata Alif, kwa kuulizwa vizuri tu, amenihifadhi na haramu.

Wako watakaosema kwamba nawafungulia vijana mlango wa kuzoea vya watu, na mwisho watasahau vyao. Hofu hiyo naiheshimu, lakini naomba tukumbuke sahani zetu wenyewe. Sambusa na chapati zilitujia kutoka ng'ambo ya bahari, na leo nani atasema si za Kiswahili? Muhogo tunaouchoma na kuutia ndimu na pilipili asili yake Amerika, na pilipili nayo huko huko. Hata mahindi na maharagwe ya githeri ni wageni waliotoka bara hilo hilo. Sisi tulipokea, tukachuja, tukatia mkono wetu. Mtu wa pwani hajapata kuogopa chakula cha mgeni. Alichokuwa nacho ni kipimo cha kukipimia. Kijana mwenye kipimo hicho mwache aende sokoni. Asiye nacho, hata Mombasa atakula haramu.

Ushauri wangu kwa anayekwenda kukaa bara ni huu. Kula kilichochemka na kilicho moto. Chagua chungu kimoja, umjue mwenye nacho. Mutura uache kabisa, na nyama usiile mpaka ujue nani kachinja na kisu kimepita wapi. Kachumbari jikatie mwenyewe. Ukiwa na shaka, acha, maana mambo ya shaka tumefundishwa kujiepusha nayo. Lakini uache kwa kusema, si kwa kununa.

Mwezi wa Ramadhani uliofuata kijana aliniandikia. Mama yule, alipoambiwa saa ya kufuturu, alimwekea bakuli la uji na nduma mbili kila jioni, na jua likichwa hutuma mtoto ampelekee. Tende zake naye akaanza kumgawia mtoto yule.

Nami nikamjibu kwa ubeti huu:

Mla njiani, uliza, usione haya mtu,
Kuuliza huongoza, si dharau kwa wenzetu,
Kisichofaa kusaza, ndiyo adabu ya watu,
Mkono ni wa mwenyeji, tumbo na dini ni vyetu.