KONA YA WAZAZI: Mkono Nao Unafundishwa

Mwezi huu naanza kwa kukiri kosa langu.

Katika darasa la 2 ninalofundisha kuna kijana mmoja. Mwombe hadithi, atakusimulia mpaka mwisho. Lakini daftari lake! Herufi zinapanda na kushuka, karatasi imetoboka. Nikadhani ni uvivu, nikamwambia arudie ukurasa mzima mara tatu. Kesho yake hakuja shule. Mama yake akaniambia, "Mwalimu, mtoto anasema mkono unamuuma." Kumbe nilimwongezea mzigo uleule uliomshinda.

Ndugu zangu, kuandika si kujua herufi tu. Bega linategemeza mkono, vidole vinabana penseli, macho yanaongoza. Kimoja kikiwa dhaifu, mtoto anaelewa vizuri tu ila mkono haumfuati. Na fimbo haiongezi nguvu za vidole.

Nyumbani tunaweza kufanya haya, bila pesa:

1. Apukuchue mahindi, achambue maharage punje moja moja kwa ncha za vidole.

2. Afinyange udongo: vikombe, ng'ombe, magari. Akamue nguo mkifua.

3. Aandike herufi kwa kidole kwenye mchanga, kubwa kubwa, huku anaitaja. Halafu afumbe macho, airudie. Mchoree nyingine mgongoni, akwambie ni ipi.

4. Mpe kipande kifupi cha penseli au chaki. Kifupi hakishikiki kwa ngumi, atatumia vidole vitatu.

5. Akiandika, miguu iguse chini. Kama haifiki, weka tofali.

Dakika 10 kwa siku zinatosha. Akichoka, apumzike. Anayetumia mkono wa kushoto msimlazimishe wa kulia; mwinamishieni daftari tu, upande wa juu uelekee kulia. Na kama mtoto anasogeza uso karibu sana na daftari, mpelekeni zahanati wamwangalie macho.

Kijana wetu alirudi. Mimi darasani, mama yake nyumbani, tumefanya hivyo miezi miwili. Juzi ameandika jina lake, likakaa juu ya mstari. Mwandiko bado haujanyooka, lakini daftari halifichi tena nikipita.

Basi jamani, kabla ya kumwita mtoto mvivu, tuutazame kwanza mkono wake. Tuonane mwezi ujao.

Mwalimu wenu wa kujitolea